UZI: Percy Montgomery, beki namba 15 aliyezomewa nyumbani kwao halafu akarudi kuwapa Kombe la Dunia

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu sana, kila nikitaka kuandika naona bado sijaupangilia vizuri, leo nimesema liwalo na liwe naushusha hivyo hivyo na tutarekebishana humo humo ndani.

Nataka tumzungumzie Percy Montgomery, beki wa mwisho wa Springboks (au Boks), timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, jezi namba 15. Wengi wakimkumbuka wanasema yule jamaa wa nywele ndefu za dhahabu aliyepiga penalti kwenye fainali ya 2007, basi, wanaishia hapo. Mimi nasema hapo mmeanza hadithi mwisho. Huyu mtu kazi yake ilishakufa akiwa na miaka 28, watu wa kwao walishamchoka, na nitawaeleza kwa nini naamini kilichomfufua hakikutokea Cape Town wala Johannesburg, kilitokea Newport kule Wales ambako wa nyumbani walikuwa wameshaacha kumwangalia.

Tuanze na siku yenyewe ya kwanza maana bila hiyo siku hamtanielewa. Tarehe 28 Juni 1997, uwanja wa Kings Park, Durban. Afrika Kusini, mabingwa wa dunia wa 1995, wanacheza na Lions, ile timu inayokusanya wachezaji bora wa England, Scotland, Wales na Ireland kila baada ya miaka minne. Mechi ya kwanza Cape Town Boks walishapigwa 25–16 kwa hiyo hii ni ya kufa na kupona. Montgomery ana miaka 23, ndiyo mechi yake ya kwanza ya taifa, tena hachezi 15, kapangwa center, yaani katikati ya safu ya wakimbiaji, kwa sababu 15 kuna mzee wa kazi André Joubert. Sasa sikilizeni. Afrika Kusini wakafunga trai tatu (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa adui), moja ya Joost van der Westhuizen, moja ya Joubert na moja ya huyu huyu kijana mgeni. Lions hawakufunga trai hata moja. Na bado Lions wakashinda 18–15!

Kwa nini? Mateke. Neil Jenkins wa Lions kaweka penalti tano, Jeremy Guscott kamalizia na dropu, lile teke la kudundisha mpira mchezo ukiendelea, dakika za mwisho. Upande wa Boks wapigaji walikuwa watatu, Montgomery akiwemo, na wote watatu wakakosa, mateke sita yakaenda hewani. Trai ni pointi 5, konveshoni, yaani teke la nyongeza baada ya trai, ni 2, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, konveshoni mbili tu zingeingia ubao ungesoma 19–18. Kijana kafunga trai kwenye mechi yake ya kwanza halafu akatoka uwanjani na mfululizo wa mechi umeshapotea kwa sababu ya miguu, na wa kwake ukiwemo.

Hiyo siku ishikeni, nitairudia. Naendelea.

#2

Mkuu nimeweka kambi hapa. Ila mimi ni mtu wa soka, raga naiangalia Kombe la Dunia likifika tu. Hebu nieleweshe kwanza, huyu 15 hasa kazi yake nini? Naona kama anasimama nyuma peke yake halafu mara anatokea mbele anakimbia na mpira.

#3 Mwanzisha uzi

Swali zuri sana na ndilo lenyewe, usipojua 15 anabeba nini huwezi kujua kwa nini mashabiki walimla huyu mtu nyama.

Chukua golikipa wa soka. Sasa mpe goli lenye upana wa uwanja mzima, karibu mita 70. Hana milingoti ya kujipimia, hana boksi la kumlinda, na wenzake kumi na nne wote wako mbele yake wamempa mgongo. Adui akipiga mpira nyuma, yeye ndiye anatakiwa awe pale unapoangukia, si baada ya kudunda, KABLA haujadunda, kwa sababu mpira wa raga una umbo la yai na ukishagusa chini hata aliyeutengeneza hajui utaelekea wapi. Kwa hiyo muda wote anasoma bega la mpigaji wa upande wa pili, anacheza na mawinga wake wawili kama kamba moja, winga wa kulia akipanda yeye anasogea kulia, winga wa kushoto anarudi kuziba. Ukiona kwenye tivii hayupo kwenye picha ujue ndipo anafanya kazi kubwa kuliko zote.

Halafu ndiyo mtu wa mwisho wa kukaba. Mtu akishapenya ukuta, kuna yeye na mstari tu. Na timu yake ikiwa na mpira anaingia kwenye safu kama mtu wa ziada ambaye adui hakumhesabu, hapo ndipo unamuona anatokea mbele.

Sasa mpira wa juu. Mimi nimevaa 15 miaka mitatu nikiwa shule, si kiwango cha kujisifia, lakini hiki kitu nakijua mwilini. Mpira ukienda juu unageuza nyonga uwe ubavu ubavu, ili ukikuponyoka uangukie nyuma yako, maana ukidondokea mbele ni kosa na skramu, ule msukumano wa wachezaji wanane kwa wanane, inaenda kwao. Viwiko unavibana pamoja, mikono juu ya macho, unaruka. Kuanzia hapo huoni mtu, unaona mbingu na mpira tu. Unawasikia. Unasikia miguu inakuja kwenye nyasi na mtu mmoja anahema, na unajua kisheria hawaruhusiwi kukugusa ukiwa hewani, kwa hiyo yule anayekuja anapiga mahesabu akufikie sekunde ile ile kiatu chako kinapogusa ardhi. Kuna mechi nilidaka mipira tisa ya namna hiyo nikaachia mmoja, tukafungwa trai kwenye ule mmoja, na mpaka leo nikikutana na watu wa enzi zile wanauliza habari za ule mmoja. Sasa uchukue huo mmoja uuweke mbele ya watu elfu hamsini na nchi ambayo raga kwao ni karibu na dini.

#4

Naongezea kidogo kwa huyo ndugu wa soka. 15 ana silaha moja watu hawaijui, akiudaka mpira hewani akiwa ndani ya mita 22 zake anaweza kupiga kelele ya "mark", refa anasimamisha na anapewa mpira wa bure. Kawaida anaupiga mbali aokoe jahazi. Sasa robo fainali ya 2023 dhidi ya Ufaransa, pale pale Paris, Damian Willemse wa Boks akadaka, akaita mark, halafu badala ya kupiga akaomba SKRAMU. Nilisimama kwenye kiti. Watu nusu ya dunia hawakujua hata kama inaruhusiwa. Boks wakashinda 29–28. Ndiyo ujue 15 anatakiwa awe na akili ya haraka kiasi gani.

#5 Mwanzisha uzi

Asante sana mkuu #4, ile ya Willemse ilikuwa darasa.

Tuendelee. Kwanza asili yake. Montgomery kazaliwa Walvis Bay, Machi 1974, mji wa bandari ambao wakati ule ulikuwa mikononi mwa Afrika Kusini na ukarudishwa Namibia mwaka 1994. Kakulia Cape Town, kasoma shule ya SACS, akaingia timu ya Western Province. Na umri wake ulimkuta pazuri, raga ilitangazwa rasmi kuwa mchezo wa kulipwa Agosti 1995, kabla ya hapo mchezaji wa taifa alikuwa na kazi yake ya kawaida na raga ni ya jioni. Kwa hiyo Montgomery ni wa kizazi cha kwanza kabisa ambacho kikiharibu Jumamosi hakina ofisi ya kwenda kujificha Jumatatu, raga ndiyo ofisi.

Baada ya ule msiba wa Lions, mwishoni mwa 1997 akaja kocha Nick Mallett, akamrudisha Montgomery nyuma kwenye 15 na hapo ndipo mambo yakafunguka. Novemba wakaenda Paris wakawapiga Ufaransa 52–10 pale Parc des Princes, mbele ya watu wao wenyewe. Wiki mbili baadaye Murrayfield, Scotland wakala 68–10, na Montgomery peke yake kaweka pointi 26, trai mbili na konveshoni nane. Yule yule ambaye mguu wake ulikuwa sehemu ya kilio cha Durban miezi mitano nyuma.

1998 wakachukua Tri Nations, michuano ya Afrika Kusini, New Zealand na Australia, bila kupoteza mechi, wakashinda mechi 17 mfululizo, wakaifikia rekodi ya New Zealand ya miaka ya sitini, mpaka England walipowasimamisha 13–7 Twickenham mwezi Desemba. Mimi kwa maoni yangu ile timu ya Mallett haipewi heshima yake kwa sababu tu haikubeba kombe, 1999 waliishia nusu fainali, Australia 27–21 baada ya muda wa nyongeza, kwa ile dropu ya Stephen Larkham ya mbali.

Kuanzia hapo mteremko. Makocha wanabadilika, yeye wanamhamisha hamisha, leo 15, kesho center, keshokutwa namba 10, yule mpanga mchezo. Kujiamini kukaisha. Mipira aliyokuwa anadaka akaanza kuiachia, na nyumbani kwao wakaanza kumzomea. Sio ugenini wakuu, NYUMBANI. Jina lake likitajwa kwenye spika watu wanazomea. Mwaka 2002 akafungasha akaenda Newport.

#6

Kaka nakuheshimu lakini ngoja niseme ukweli. Wakati ule alistahili. Mimi nilikuwa naangalia zile mechi, ulikuwa unaona mpira umepigwa juu unajua kabisa leo tumeisha. Na usisahau kipindi hicho hicho New Zealand walikuwa na Christian Cullen, trai 46 kwenye mechi 58, mtu anapita kati ya watu watano kama hawapo. Ukimuweka Montgomery karibu na Cullen unaona kabisa tofauti ya kipaji.

#7 Mwanzisha uzi

Cullen sibishani nawe hata kidogo. Kwa kukimbia na mpira kutokea nyuma sijaona kama yeye. Lakini hebu angalia na hili, Kombe la Dunia 1999 New Zealand wenyewe walimtoa Cullen 15 wakampeleka center, na nusu fainali Ufaransa wakawapindua 43–31. Yaani hata huyo bora kuliko wote makocha walimchezea namba. Hii nafasi makocha wanaionea sana, wanaona 15 ana mikono, ana mbio, ana mguu, wanasema huyu anaweza kucheza popote, na wanasahau kwamba kukaa nyuma ni fani inayojitegemea. Montgomery alipoteza uwezo wa kusoma mchezo kutokea nyuma kwa sababu hakuachwa akae nyuma. Huo ndio msimamo wangu.

Haya Newport. Na hapa mambo yaliharibika zaidi kabla ya kutengenea. Mei 2003, mechi na Swansea, hasira zikampanda akamsukuma mshika kibendera mpaka chini. Adhabu ikawa miaka miwili, miezi 18 kati ya hiyo ikasimamishwa, lakini pigo lilikuwa lile lile. Kombe la Dunia la 2003 akaliangalia kama mimi na wewe. Boks wakatolewa robo fainali na New Zealand 29–9.

Hebu muoneni huyo mtu wakati huo. Miaka 29. Kwao alishazomewa akaondoka. Ugenini kafungiwa. Jina lake kwenye magazeti ni la mtu aliyemuangusha mwamuzi.

#8

Mkuu samahani, hapo usipapitie kwa haraka. Mimi nachezesha raga za vijana, nashika kibendera karibu kila wikiendi. Kumgusa mwamuzi si "hasira zilimpanda". Sisi tuko pale hatuna kofia wala walinzi, tunategemea kitu kimoja tu, kwamba hawa majitu ya kilo mia wameambiwa tangu utotoni kwamba hatuguswi. Siku mchezaji wa taifa akifanya vile, mtoto wa miaka kumi na tano anajifunza. Kwangu hiyo inabaki kwenye jina lake hata angefunga pointi elfu mbili.

#9 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu umesema sawa na nimekubali, neno nililotumia lilikuwa jepesi. Alikosea vibaya na adhabu aliistahili yote. Sikuweka hapa kumtetea, nimeweka kwa sababu kazi yake haielezeki bila hiyo siku.

Sasa kwa nini nasema Newport ndiyo ilimtengeneza. Fikiria raga ya Wales wakati wa baridi, mvua ya ubavu, upepo, uwanja tope, mpira umelowa kama sabuni. Kule hakuna aliyemtaka awe Cullen. Walitaka adake, apige mbali, aweke penalti. Wiki hii hivyo, wiki ijayo hivyo. Alipomaliza adhabu akarudi kwenye timu mpya ya mkoa, Newport Gwent Dragons, akaendelea na kazi ile ile. Mimi naamini kwenye ule upweke ndipo alipopata kitu ambacho kule kwao wasingempa nafasi ya kukipata, yaani kuwa mtu wa kawaida anayerudia jambo moja mpaka mwili unalifanya wenyewe.

2004 Jake White akapewa Springboks. Timu imevunjika, 2003 ilikuwa aibu. Moja ya mambo yake ya mwanzo kabisa akamwita Montgomery akiwa bado mchezaji wa Wales, wakati mazoea ya Afrika Kusini yalikuwa ukienda nje umejitoa mwenyewe. Watu walilalamika sana. Huyu huyu tuliyemzomea? White akashikilia. Mwaka ule ule wakachukua Tri Nations, na mechi ya kuamua waliishinda Australia 23–19, trai mbili za Boks na pointi nyingine zote 13 zimetoka kwenye mguu wa Montgomery.

Mnajua ilichezwa wapi? Durban. Kings Park. Uwanja ule ule.

#10

Daah hiyo ya Durban sikuwa nimeiunganisha aisee. Ila mkuu 2006 mbona unairuka, Brisbane je?

#11 Mwanzisha uzi

Siruki. Julai 2006 Brisbane, Australia 49, Springboks 0. Montgomery alikuwa uwanjani na White nusura afukuzwe kazi mwaka ule. Sina la kupamba, walipigwa.

Nakuja 2007, mwaka wa utamu na uchungu. Mwezi Mei yuko timu ya Sharks, fainali ya ligi ya Super 14 dhidi ya Bulls, tena Durban, wanaongoza 19–13 muda umekwisha, Bryan Habana akakata ndani akafunga trai, Derick Hougaard akaweka konveshoni, Bulls wakashinda 20–19. Yaani king'ora kimeshalia halafu kombe linaondoka. Mtu mwingine angevunjika.

Agosti akakutana na Namibia pale Cape Town kwenye mechi ya kujiandaa, 105–13, yeye kaweka pointi 35, rekodi ya Springbok kwa mechi moja. Alizaliwa Walvis Bay na rekodi kaiwekea kwa Namibia, dunia hii.

Halafu Kombe la Dunia lenyewe, kule Ufaransa. Mechi ya kwanza Samoa 59–7, kaweka pointi 29. Ya pili England, mabingwa watetezi, 36–0, hawakupata hata penalti moja. Robo fainali Fiji wakawatoa jasho 37–20, nusu fainali Argentina 37–13, hapo Montgomery konveshoni zote nne na penalti tatu.

Fainali, 20 Oktoba 2007, Stade de France, England tena. Hakuna trai. Ni mechi ya mateke, ile aina ya mechi aliyoipoteza Durban miaka kumi nyuma. Penalti ya kwanza ndani. Ya pili ndani. Ya tatu dakika ya mwisho kabla ya mapumziko, ndani, 9–3. Kipindi cha pili kikaanza tu, Mathew Tait akapenya katikati akakimbia uwanja mzima, Victor Matfield akamuangusha hatua chache kutoka mstarini, mpira ukaenda kwa Mark Cueto kona ya kushoto, Danie Rossouw akamsukuma, Cueto akaweka chini. Video ikaangaliwa dakika nzima, mguu wake ulikuwa umegusa chaki. Hakuna trai. England wakapata penalti tu, 9–6.

Sasa fikiria penalti inayofuata. Timu imenusurika kwa unene wa chaki, pengo ni pointi tatu, upande wa pili yuko Jonny Wilkinson ambaye 2003 aliwapa England kombe kwa dropu. Dakika ya 51 anaitwa Montgomery. Ndani, 12–6. Frans Steyn akaongeza ya mbali, 15–6, ikaisha hivyo. Montgomery nne kwa nne. Na katikati ya mechi alishatolewa nje ya mstari akaenda kugongana na kamera ya televisheni, akanyanyuka anachechemea akarudi nyuma kwenye nafasi yake.

Mateke sita yaliyokosa 1997 na mateke manne yaliyoingia 2007. Mimi nikiyaweka hayo mawili pamoja machozi yananilenga, siwezi kuficha.

#12

Mkuu umeandika vizuri ila tusimsahau Habana, trai nane lile kombe, akaifikia rekodi ya Jonah Lomu, na ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa dunia mwaka ule. Na fainali mchezaji bora wa mechi alikuwa Matfield, lainiauti za England, ile mipira inayorushwa kutoka pembeni, alizila nyingi. Montgomery aliwekewa tu mpira apige.

#13 Mwanzisha uzi

Habana na Matfield wote nawavulia kofia, na hiyo ya Matfield ni kweli kabisa, England walipoteza mipira mingi waliyorusha wao wenyewe.

Ila hilo neno "aliwekewa tu" hapana kaka. Mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote kwenye lile kombe ni Montgomery, pointi 105. Na jumla ya kazi yake ya taifa ni mechi 102, pointi 893. Ukizichambua ni trai 25, konveshoni 153, penalti 148 na dropu 6. Kabla yake aliyekuwa anaogopwa Afrika Kusini kwa mguu ni Naas Botha mwenye pointi 312, ingawa Botha alicheza mechi 28 tu kwa sababu ya miaka ile ya kutengwa kimichezo enzi za ubaguzi, lazima tumtendee haki. Sasa toa trai kwenye zile 893, unabaki na 768 za mguu mtupu. Zote hizo anaziweka akiwa ametoka kukimbia nyuma, kudaka, kukaba, kubanwa chini na watu watatu, anasimama anahema, anapewa mpira, uwanja mzima unanyamaza. Mpigaji wa namba 10 anapiga akitokea karibu. 15 mara nyingi anatembea kutoka mita arobaini nyuma mpaka anapofika kwenye mpira, na ile safari ndiyo inaua watu.

#14

Mimi naomba kuuliza kuhusu André Joubert uliyemtaja mwanzo. Ni kweli alicheza fainali ya 1995 mkono umevunjika au ni hadithi za mitaani?

#15 Mwanzisha uzi

Kweli tupu. Aliumia robo fainali na Samoa, akacheza nusu fainali na fainali na kinga mkononi. Nusu fainali na Ufaransa ilikuwa Durban kwenye mvua ya kutisha, uwanja umejaa maji mpaka mechi ikachelewa kuanza, na 15 anadaka mipira ya juu iliyolowa na mkono uliovunjika. Ndiyo kiti alichorithi Montgomery hicho. Hebu pima waliokuwa wanamzomea walikuwa wanamlinganisha na nani.

Nimalizie safari yake. Baada ya kombe akaenda Perpignan Ufaransa, akarudi kwa mechi za taifa za 2008 akatimiza mechi ya 100, Springbok wa kwanza kabisa kufika hapo. Ilikuwa 16 Agosti 2008, Newlands, Cape Town, mji aliokulia, mpinzani New Zealand. Matokeo New Zealand 19, Boks 0. Mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia yao, siku yake kubwa, timu haikupata hata pointi moja. Lakini safari hii walisimama wakampigia makofi. Mechi mbili zaidi na Australia, akastaafu timu ya taifa. Baadaye akawa kocha wa mateke wa Springboks hao hao.

#16

Shukrani sana mkuu, nimesoma neno kwa neno. Mimi wa soka namba 2 pale juu. Nikitaka kuanza kumwangalia nianze na mechi gani?

#17 Mwanzisha uzi

Tafuta fainali ya 2007 yote, si vipande. Halafu fanya hivi, England wakiwa na mpira usiangalie mpira. Mtafute yeye nyuma kabisa. Picha ya tivii ikipanuka utamuona ukingoni, anarudi hatua tatu, anasogea kushoto, anainua mkono kumwita winga ashuke, anasogea tena. Mara nyingi England wanaangalia juu, wanaona nafasi imeshazibwa, wanabaki na mpira wanasukumana. Hiyo ndiyo kazi yenyewe niliyokuwa nakwambia. Ukimaliza hiyo tafuta ya Durban 1997, utamwona akiwa kijana wa miaka 23 kwenye jezi ya center. Kaziangalie halafu uje hapa uniambie umeona nini.

#18

Naishusha fainali leo leo. Nitarudi.